Posta ya Nyumba ya Pauling

Linus Pauling hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Mwaka 1986 alikabidhi nyaraka zake kwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, mjini Corvallis, chuo alichosoma akiwa kijana asiye na fedha. Shehena ilikuwa ya vipande kama 500,000: barua zilizoingia, nakala za kaboni za zilizotoka, madaftari ya utafiti 46, hotuba, picha, mafaili ya kesi, hata medali zenyewe. Wanaosimulia maisha yake huanza na tuzo mbili za Nobel, ya Kemia ya mwaka 1954 na ya Amani ya mwaka 1962, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kupata mbili bila kugawana na mtu. Tuzo ni jambo la siku moja. Barua zilikuja kila siku, na ukizifuata utaona kwamba sayansi yake, siasa zake, ndoa yake, na hata kosa lililomchafulia jina uzeeni, vyote vilipita mlango mmoja. Pauling alimwandikia yeyote aliyeona ana haja naye, na mtu asiyemjua akimwandikia, alisoma.

Alizaliwa Portland, Oregon, tarehe 28 Februari 1901. Baba yake, mfamasia, alifariki mwaka 1910 akaacha mjane na watoto watatu, na mama akawa anapangisha vyumba ili wale. Chuoni Corvallis kijana huyu alipewa kazi ya kufundisha kemia darasa la wasichana wa sayansikimu kabla yeye mwenyewe hajahitimu. Humo, mwanzoni mwa 1922, akamkuta Ava Helen Miller. Miezi michache baadaye alihamia Pasadena, California, kusomea udaktari wa falsafa katika chuo cha Caltech, na binti akabaki Oregon. Mwaka uliofuata ukawa mwaka wa barua, karibu kila siku, mpaka walipooana tarehe 17 Juni 1923. Katika barua hizo uchumba na fuwele za maabara vinakaa ukurasa mmoja, na mwandishi haoni ajabu yoyote.

Mwaka 1926 walikwenda Ulaya, yeye akajifunze fizikia mpya ya kwanta kwa Arnold Sommerfeld mjini Munich. Mtoto wao wa kwanza, ambaye alikuwa ametimiza mwaka tu, walimwachia bibi yake mzaa mama. Mama yake Pauling akafariki wakiwa hukohuko. Wasimulizi wengine hupita hapo haraka. Lakini ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile kwa miaka mingi: kazi kwanza, na jamaa watafikiwa kwa posta.

Umaarufu ulipokuja, posta ikaongezeka. Kitabu chake cha 1939 kuhusu jinsi atomu zinavyoshikana kilimfanya asomwe na wanakemia duniani kote, na kile cha kiada cha 1947 kikamletea barua za wanafunzi. Alizoea kusemea majibu kwenye mashine ya kurekodi, makatibu muhtasi wakayapiga chapa na kubakiza nakala. Ndiyo maana leo tunazisikia pande zote mbili za mazungumzo, jambo adimu kwa nyaraka za wanasayansi, ambao wengi hutuachia walichoandikiwa tu. Katika mafaili ya miaka ya 1950 maombi ya makala za protini yamepakana na mialiko ya kuhutubu, matusi ya watu wasiotaja majina, barua za wanawe, na shughuli za shamba la Deer Flat, karibu na Big Sur, walilonunua mwaka 1956 baada ya fedha za Nobel kuingia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki liko faili moja lenye uzito wa pekee. Mwaka 1949 Pauling na wenzake watatu, Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells, walionyesha kwamba ugonjwa wa selimundu unatokana na hemoglobini yenye muundo tofauti. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulifuatiliwa mpaka kwenye molekuli moja. Mwaka huohuo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikuwa akipima damu za watu nchini humo na kuona kwamba chembe za selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na chache nyanda za juu. Mwaka 1954, baada ya kazi aliyoifanya Kenya na Uganda, alitoa hoja kwamba anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na mwaka huo akafika kufanya kazi katika maabara ya Pauling. Kilichopimwa Pasadena kwa mashine kikapata sababu yake kandokando ya ziwa letu.

Barua za familia nazo zilifanya kazi ambayo hakuna aliyezituma. Mtoto wake wa pili, Peter, alikwenda kusoma Cambridge mwaka 1952 na kuwekwa chumba kimoja cha kazi na James Watson na Francis Crick. Desemba baba akamwandikia kwamba ameupata muundo wa DNA. Januari 1953 makala yenyewe ikafika, na Peter akawaonyesha wenzake. Waliona mara moja kwamba nyuzi tatu za Pauling haziwezekani: alikuwa ameipanga asidi kwa namna isiyoweza tena kuwa asidi. Kwa kosa la aina hiyo angemkemea mwanafunzi wake mwenyewe. Watson na Crick wakajua wana wiki chache kabla mzee hajagutuka, wakakaza, na Aprili muundo wao wa nyuzi mbili ukachapishwa.

Hapa pana hadithi inayopendwa mno. Inasemwa kwamba Pauling alikosa DNA kwa sababu serikali ya Marekani ilimnyima pasipoti mwaka 1952, asiweze kufika London mwezi Mei, ambako angeona picha za eksirei za Rosalind Franklin. Kunyimwa pasipoti ni kweli, na ni fedheha. Mkuu wa idara ya pasipoti, Ruth Shipley, alimwona mtu wa kushukiwa ukomunisti. Ila baada ya wiki kadhaa alipewa pasipoti ya masharti, akafika Uingereza kiangazi hichohicho, na hakwenda kuzitafuta picha hizo. Haraka na kujiamini kupita kiasi vilimponza kuliko Bi. Shipley. Isitoshe, Moscow nako hakupendwa. Mwaka 1951 wanakemia wa Kisovieti walikutana kulaani nadharia yake ya mrindimo, ile ya jinsi atomu zinavyoshikana, kwamba inapingana na falsafa ya Marx. Huyu ndiye aliyeitwa kibaraka wa Moscow.

Siasa zake zilianzia nyumbani. Ava Helen ndiye aliyekuwa na msimamo kabla yake. Alikuwa mwanachama wa jumuiya ya kimataifa ya wanawake ya amani na uhuru, na alimwambia mumewe wazi kwamba elimu ya atomu haitakuwa na maana ikiwa dunia itaangamizwa. Mwenyewe Pauling alikiri baadaye kwamba aliendelea na kazi ya amani ili abaki na heshima mbele ya mkewe. Tarehe 16 Novemba 1954 alizungumza na Albert Einstein huko Princeton, na alipotoka akaandika katika shajara yake kwamba mzee huyo amejilaumu kwa kutia saini barua ya kumhimiza Rais Roosevelt atengeneze bomu. Einstein alifariki Aprili iliyofuata.

Sasa ile kazi kubwa. Tarehe 15 Mei 1957 Pauling alihutubia Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis kuhusu vumbi la mionzi linalotokana na majaribio ya mabomu, na ukumbi ukampokea kwa nguvu. Akakaa na Barry Commoner na Edward Condon, wakaandika waraka mfupi wa kutaka majaribio yasimamishwe kwa mkataba wa kimataifa. Waraka ukanakiliwa na kutumwa kwa wanasayansi kwenye vyuo vyao. Ndani ya wiki mbili hivi zilirudi saini kama 2,000 za Wamarekani. Rais Eisenhower akadokeza mbele ya waandishi wa habari kwamba jambo lile linaonekana kama limepangwa.

Lilikuwa limepangwa kweli, nyumbani kwa akina Pauling. Ava Helen na wasaidizi wachache wa kujitolea walikunja karatasi, wakaandika anwani, wakabandika stempu, wakapokea majibu na kuyahesabu. Waliposhutumiwa kwamba shughuli ile imegharimiwa na wakomunisti kwa mamilioni, Pauling alijibu kwamba imemgharimu kama dola 250 za karatasi na posta. Ukitazama namna kazi ilivyoendeshwa, hesabu hiyo inaaminika. Barua moja ilikwenda kwa profesa mmoja, naye akaipitisha kwa wenzake idarani, saini kumi zikarudi katika bahasha moja. Kufikia Januari 1958, saini 9,235 kutoka nchi mbalimbali zilikabidhiwa kwa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na nyingine ziliendelea kuja hata zikapita 11,000. Albert Schweitzer alikuwa miongoni mwa waliotia saini, na mwaka 1959 Pauling na mkewe walikwenda kumtembelea hospitalini kwake Lambaréné, Gabon, kabla ya kwenda Hiroshima.

Saini hazikuwa siri. Kilichowatamanisha wapelelezi ni ile njia zilizopitia. Tarehe 21 Juni 1960 Pauling aliitwa mbele ya kamati ndogo ya usalama wa ndani ya Seneti, na Seneta Thomas Dodd akataka apewe majina ya watu waliomsaidia kukusanya saini, pamoja na barua walizozituma nazo. Pauling alikuwa na barua hizo. Tulishasema hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Akakataa. Alisema wengi wa waliomsaidia ni vijana wenye nia njema, na kwamba majina yao yakitolewa watafukuzwa kazi. Kukataa huko kungeweza kumpeleka jela kwa kosa la kulidharau Bunge, na alipewa miezi ya kufikiri. Akarudi tarehe 11 Oktoba, magazeti kadhaa yakiwa yamesimama upande wake, akakataa tena. Kamati ikamwachilia bila mashtaka na ikaishia kuandika ripoti ya kumsema. Kwa maoni yangu siku ile ni kubwa kuliko ile ya kupokea Tuzo ya Amani mjini Oslo, kwani Oslo hakuna aliyekuwa na cha kupoteza.

 

Pauling hakujua kuandika barua ya kubembeleza. Machi 1962, Rais Kennedy alipokuwa akielekea kuruhusu tena majaribio ya angani, alipata telegramu kutoka kwake ikimuuliza kama anataka historia imhesabu miongoni mwa watu waovu kupita wote. Mwezi uliofuata Pauling alishika bango nje ya Ikulu ya Marekani kwa siku mbili, na jioni ya siku ya pili akabadili nguo, akaingia ndani na Ava Helen kwenye dhifa ya washindi wa Nobel. Rais alimpokea kwa utani, na wenyeji wakawaona wakicheza dansi.

Tarehe 10 Oktoba 1963, siku ile mkataba wa kusimamisha majaribio ya angani, majini na anga za juu ulipoanza kutumika, habari ilitoka Oslo kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya mwaka 1962. Shambani hapakuwa na simu. Habari ilibidi ipitie kwa askari wa msitu wa jirani, aliyewaita waje kupokea simu ya binti yao Linda. Gazeti la Life liliita tuzo ile tusi la ajabu kutoka Norway. Caltech hawakuonyesha furaha kubwa, na Pauling akaondoka huko baada ya miaka zaidi ya arobaini. Madai yake dhidi ya jarida la National Review, lililomwandika vibaya, yalitupwa na mahakama mwaka 1966.

Mwaka huo wa 1966 ndipo ilipoingia bahasha nyingine. Pauling alikuwa ametamka katika hotuba mjini New York kwamba angependa kuishi miaka 15 au 20 zaidi. Mwanabiokemia aitwaye Irwin Stone, aliyekuwa ukumbini, akamwandikia kumshauri atumie vitamini C, gramu 3 kwa siku. Profesa mwingine angetupa barua hiyo kapuni. Pauling alianza kuimeza, akajiona ana nafuu ya mafua, na mwaka 1970 akatoa kitabu kilichomaliza vidonge vya vitamini hiyo madukani. Kisha daktari wa Scotland, Ewan Cameron, akamwandikia kuhusu saratani, wakachapisha pamoja matokeo ya kutia moyo. Majaribio ya hospitali ya Mayo, yaliyotolewa mwaka 1979 na 1985, hayakuona faida yoyote. Pauling alibisha hadi mwisho, kwa ukali uleule aliokuwa nao mbele ya Dodd, ila safari hii ushahidi ulikuwa upande wa pili. Wagonjwa waliomwandikia kuomba ushauri walipata majibu ya mtu asiye na shaka, na si jambo la kujivunia.

Ava Helen alifariki tarehe 7 Desemba 1981 kwa saratani ya tumbo, akiwa ametumia vitamini hiyo kwa miaka. Pauling alifariki shambani Big Sur tarehe 19 Agosti 1994, kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 93.

Mkusanyo wa Corvallis unaitwa kwa majina ya wote wawili, na la mke linatangulia. Atakayetaka kujua kwa nini, asiishie kwenye barua za uchumba za 1922, ingawa ndizo wageni hupenda kuonyeshwa. Aombe mafaili ya waraka wa 1957, yale ambayo Seneta Dodd aliyataka akanyimwa.