Mifereji ya Machozi na Dhana ya Huzuni Iliyozuiwa: Mtazamo wa Kihistoria

1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili hutofautisha mambo mawili ambayo sehemu ya tiba mbadala ya Magharibi imeyachanganya. Mtu mwenye majonzi hulia. Mtu ambaye mfereji wake wa machozi umeziba, jicho lake hutoka machozi. Katika kauli ya kwanza mtendaji ni mtu mwenyewe. Katika ya pili ni jicho tu, wala moyo hautajwi. Makala haya yanafuatilia namna utabibu wa Ulaya ulivyoufikia utofauti huo kwa taabu, na namna ulivyofifishwa tena katika karne ya 20 na waandishi waliodai kwamba maradhi ya mwili ni hisia zilizofungiwa ndani. Hoja yetu ni kwamba kuuona mfereji ulioziba kama huzuni isiyoliliwa si hekima ya kale iliyohuishwa. Ni dai la juzi, na mzigo wake humwangukia mgonjwa au mzazi wake.

2.0 Kutoka Ubongoni hadi Kwenye Tezi

Kwa karne nyingi matabibu waliamini kwamba machozi ni majimaji yanayoshuka kutoka ubongoni. Hata hivyo, jipu la pembe ya ndani ya jicho hawakulitibu kwa maliwazo. Celsus, aliyeandika Roma katika karne ya 1, alieleza jinsi ya kulikata na kulichoma kwa chuma cha moto hadi kwenye mfupa. Chanzo cha machozi hakukijua, lakini alijua kwamba usaha unahitaji njia ya kutokea.

Mwaka 1561 Gabriele Falloppio wa Italia aliieleza njia inayoyapeleka machozi puani. Chanzo chenyewe kilibaki fumbo. Mwaka 1649 Descartes bado alifundisha kwamba machozi ni mvuke unaotoka machoni na kugeuka maji, na kwamba huzuni huchangia mgeuko huo. Miaka 13 baadaye, mwaka 1662, Mdenmaki Nicolaus Steno alichapisha uchunguzi wake wa tezi za macho. Alionyesha kwamba machozi hutengenezwa na tezi na kwamba kazi yake ni kulilowanisha jicho.

Tangu hapo mambo mawili yaliweza kutenganishwa: tezi inayotoa, na mfereji unaoondoa. Hisia huichochea tezi kupitia mishipa ya fahamu. Mfereji ni njia ya kupitishia tu. Tiba ilifuata mantiki hiyo. Mwaka 1713 Mfaransa Dominique Anel alizibua njia ya machozi kwa kijiti chembamba na kuisafisha kwa bomba dogo la sindano. Mwaka 1904 Addeo Toti wa Florence alieleza upasuaji wa kuunganisha kifuko cha machozi na pua moja kwa moja. Msingi wa upasuaji huo unatumika hadi leo.

3.0 Huzuni Yarejea kwa Mlango Mwingine

Katika karne ya 20 wanasaikolojia walianza kuusoma ugonjwa kama lugha ya nafsi. Georg Groddeck alieneza wazo hilo nchini Ujerumani katika miaka ya 1920, na mwaka 1950 Franz Alexander, akiwa Chicago, aliyahusisha maradhi kama vidonda vya tumbo na migogoro ya kihisia. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall waliotesha maabarani bakteria waliokuja kuthibitika kuwa chanzo kikuu cha vidonda hivyo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini wazo lilikwisha kutoka mikononi mwa madaktari. Kijitabu cha Louise Hay cha mwaka 1976, kilichopanuliwa kuwa kitabu mwaka 1984, kilipanga maradhi katika orodha: jina la ugonjwa, hisia inayodhaniwa kuusababisha, na maneno ya kujiponya. Humo matatizo ya macho yalifungamanishwa na kutopenda kile mtu anachokiona maishani. Katika orodha za namna hii sitiari hushika nafasi ya uchunguzi: jicho ni kuona, kwa hiyo mfereji ulioziba ni kilio kilichokataliwa.

4.0 Ushahidi wa Mtoto Mchanga

Sitiari hiyo huanguka mbele ya kitanda cha mtoto. Watoto wengi huzaliwa na utando mwembamba ambao haujafunguka kwenye ncha ya chini ya mfereji. Jicho hujaa machozi na tongotongo, na kwa walio wengi utando hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja. Mwaka 1872 Charles Darwin aliandika kwamba watoto wachanga hupiga kelele bila machozi katika majuma ya mwanzo. Mmoja wa watoto wake alifikisha siku 139 ndipo machozi yalipotiririka mashavuni alipolia. Kiumbe ambaye hajaanza kumwaga machozi ya huzuni hawezi kuwa ameyazuia.

Nadharia ikikosa huzuni kwa mtoto, haina pa kukimbilia ila kwa mama: alihuzunika akiwa mjamzito, au hakumtaka mtoto. Hapa ndipo kosa la kinadharia linapokuwa dhuluma. Tena kuna hatari ya kucheleweshwa, kwani uambukizo wa kifuko cha machozi unaweza kusambaa hadi kwenye tundu la jicho.

5.0 Hitimisho

Haitoshi kuwakejeli wanaoikimbilia tiba hiyo. Wengi hufuata sikio la kuwasikiliza, jambo ambalo zahanati yenye foleni ndefu hulitoa kwa nadra. Kwa washauri wa sera tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, maelezo ya afya kwa Kiswahili yautumie utofauti ambao lugha yetu tayari inao, kati ya kulia na jicho kutoka machozi. Pili, miongozo ya watoa tiba mbadala iwatake kumpeleka hospitali siku hiyohiyo mgonjwa mwenye uvimbe mwekundu kwenye pembe ya ndani ya jicho, usaha au homa. Mama aulizwe dalili zilianza lini; asiulizwe alihuzunikia nini.