Udaktari Uliookotwa Nje ya Msikiti

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilipokea tasnifu ya udaktari iliyojengwa juu ya vijitabu vya bei ya chee, vya aina ile inayotandazwa chini nje ya misikiti ya Kariakoo, Dar es Salaam, baada ya swala ya Ijumaa. Mwandishi wake, John Chesworth, alichunguza jinsi Waislamu na Wakristo wa Afrika Mashariki wanavyonukuu Biblia na Qur'ani katika maandishi hayo ya Kiswahili. Ilichukua karibu karne nzima ya utafiti kabla msomi hajainama hapo.

Utafiti wa Kizungu kuhusu dini za pwani hii ulianza kwa hofu. Mwaka 1908 ilisambaa barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwaonya Waislamu kwamba kiama kimekaribia. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na wakuu wa Kijerumani wakanusa uasi mwingine. Kutokana na vitabu na barua zilizokusanywa huku, Carl Heinrich Becker, aliyekuwa Hamburg, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1911. Mwaka uliofuata Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin aliyefanya kazi Dar es Salaam, akatoa wake. Wasomaji waliokusudiwa walikuwa Ujerumani, si mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.

Wenyeji walikuwa na usomi wao. Mwanafunzi hukaa mbele ya sheikh, akasoma kitabu hadi kukihitimu, akapewa ijaza ya kukifundisha. Sheikh Hassan bin Ameir, Mzanzibari na khalifa wa tarika ya Qadiriyya, alipanda kwa njia hiyo hadi kuwa mufti jijini Dar es Salaam. Mwaka 1968 alirudishwa Zanzibar; mwaka huohuo jumuiya ya Waislamu ya EAMWS ilipigwa marufuku na baraza jipya, BAKWATA, likaundwa.

Chuo kikuu cha Dar es Salaam nacho kilizaliwa jirani kabisa na soko la Kariakoo. Oktoba 1961 kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Theolojia haikuwamo. Padri Charles Nyamiti, mtu wa Tabora, aliifuata shahada yake ya udaktari Louvain, Ubelgiji, ndipo akaja kuandika juu ya Kristo kama mhenga wetu.

Mmarekani August Nimtz alisafiri kinyume chake, akaja huku, na tasnifu yake ya mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Indiana ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Alikwenda Bagamoyo kufuata habari za Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, akafariki mwaka 1931 akiwa tajiri na khalifa. Nimtz alionyesha kwamba mtandao wa tarika, dhikri zake na maulidi yake, uliisaidia TANU kupata watu. Hapo muridi, mfuasi wa tarika, si tishio tena, bali mwanasiasa.

Kisha ikaja zamu ya vijitabu. Mwaka 1987 Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba walitoa *Uislamu katika Biblia*, na mihadhara ya hadharani ikapamba moto. Mhadhiri wa Kiislamu hakuhitaji Kigiriki. Alikuwa na Biblia ya Union ya mwaka 1952 mkononi, akitaja sura na aya kwa moyo. Wakristo walijibu kwa tafsiri za Qur'ani, mchezo wa zamani kwao: tangu 1923 Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alishaitafsiri kwa Kiswahili, na upande wa Waislamu tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilikamilika 1969.

Februari 1998 mabishano hayo yaliishia damuni. Mihadhara ilidaiwa kumkashifu Yesu, polisi wakaingia Msikiti wa Mwembechai, Magomeni, na watu wakauawa kwa risasi. Dk. Hamza Njozi, mhadhiri wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, aliandika kitabu juu ya mauaji hayo, kikachapishwa Ottawa mwaka 2000. Serikali ilikipiga marufuku kitabu cha daktari. Vijitabu vya chini viliendelea kuuzwa.