Medali Ambazo Rono na Bayi Hawakuruhusiwa Kuzikimbilia

Katika siku 81 za mwaka 1978, Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia. Aprili 8, huko Berkeley, California, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13:08.4. Mei 13 akiwa Seattle aliishusha rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji hadi 8:05.4. Juni 11 ikawa zamu ya mita 10,000 mjini Vienna, 27:22.4. Juni 27 akamalizia Oslo kwa mita 3,000, dakika 7:32.1. Hakuna mwanariadha mwingine aliyewahi kuzikusanya rekodi hizo nne ndani ya msimu mmoja. Rono alifariki dunia Nairobi Februari 2024, na katika maisha yake yote hakuwahi kukimbia hata mchujo mmoja wa Michezo ya Olimpiki.

Mwaka 2012 Shirikisho la Riadha Duniani, wakati huo likiitwa IAAF na leo World Athletics, liliadhimisha miaka 100 ya kuasisiwa kwake kwa kuanzisha Ukumbi wa Magwiji. Masharti yake ya msingi yalikuwa matatu. Mwanariadha awe amestaafu kwa miaka isiyopungua kumi, awe ameweka angalau rekodi moja ya dunia, na awe na angalau medali mbili za dhahabu za Olimpiki au za Mashindano ya Dunia. Wanariadha 24 waliingizwa katika kundi la kwanza, na Kipchoge Keino alikuwa mmoja wao. Anastahili kabisa. Alishinda mita 1,500 Mexico 1968, akashinda viunzi na maji Munich 1972, na rekodi za dunia alikuwa nazo tangu 1965. Lakini kwa kipimo hicho hicho, Rono hafiki hata mlangoni. Filbert Bayi wa Tanzania naye hafiki. Sababu ya hao wawili kukosa dhahabu haikuwa miguuni mwao.

Tuanze na Bayi, kijana wa Karatu. Jumamosi ya Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, ilikimbiwa fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio hizo ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, kuviziana. Wakimbiaji huenda pamoja hadi kengele ya mzunguko wa mwisho, kisha kila mmoja hutoa alichokificha. Bayi hakuvizia mtu. Bunduki ilipolia alitoka mbele na kuwaacha, bila sungura wa kumvutia kasi, na kundi zima likabaki kumtazama mgongo. Katika mita 200 za mwisho mwenyeji, John Walker, alianza kumfuata, uwanja mzima ukimshangilia. Hakumfikia. Bayi alikata utepe kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker aliyekuwa wa pili naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, iliyodumu tangu 1967. Mkenya Ben Jipcho alikuwa wa tatu. Muda ule wa Bayi ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Madola kwa miaka 48, hadi Birmingham 2022. Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi akaongeza rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3:51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akamnyang'anya. Dunia nzima ya riadha ikasubiri Montreal 1976, waonane tena.

Hawakuonana. Katikati ya 1976 timu ya raga ya New Zealand ilifanya ziara Afrika Kusini, kwa makaburu, wiki chache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto Juni 16. Nchi za Afrika zilidai New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Mataifa yapatayo 29, mengi yakiwa ya Afrika, yakasusia. Baadhi ya wanariadha walikuwa tayari wamefika kijiji cha Olimpiki na kupewa vyumba, wakaamriwa kufunga mizigo. Fainali ya mita 1,500 ilikimbiwa bila Bayi. Walker alishinda kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda ambao Bayi aliukimbia Christchurch. Walker ni bingwa halali, na mbio za fainali huwa za hesabu kuliko kasi. Lakini mtu aliyezoea kuivunja hesabu hiyo tangu mita ya kwanza alikuwa nyumbani.

Niseme wazi ninaposimama: kususia kule kulikuwa haki. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Tanzania isingeweza kuwapokea wapigania uhuru kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kupeana salamu uwanjani na waliokuwa wakicheza na makaburu. Kutengwa kimichezo kuliuma utawala ule kwelikweli, na Afrika Kusini haikurudi Olimpiki hadi Barcelona 1992, ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa. Na kwa kuwa ilikuwa haki, gharama yake inapaswa kuhesabiwa. Aliyeilipa si waziri wala katibu wa shirikisho. Aliyeilipa ni kijana wa miaka 23 aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake, na mwenzake wa Nandi, Rono, aliyekuwa na 24.

Miaka minne baadaye mambo yaligeuka kwa namna ya ajabu. Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka dunia isusie Moscow 1980 kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Februari mwaka huo alimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kushawishi serikali. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na huko Ali alikutana na swali ambalo hakulitarajia: mbona Marekani haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia Montreal? Mwalimu Nyerere hakumpokea. Nairobi ilikuwa tofauti, kwani Rais Moi alikubali. Tanzania ikaenda Moscow, Kenya ikabaki.

Matokeo ya maamuzi hayo mawili tunayaona hadi leo. Bayi, ambaye sasa alikuwa amehamia viunzi na maji, aliongoza fainali kwa pengo kubwa kabla ya Mpoland Bronisław Malinowski kumfikia katika mzunguko wa mwisho. Akapata fedha. Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000, nyuma ya Mwethiopia Miruts Yifter kwa chini ya sekunde moja. Hadi Paris 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Na mshindi wa viunzi na maji alimaliza kwa 8:09.70. Mwenye rekodi ya dunia ya mbio hizo hizo, 8:05.4, alikuwa Rono, na nchi yake haikupeleka timu.

Kuna hoja nzito upande wa pili, na siyo haki kuipita. Rekodi si dhahabu. Ron Clarke wa Australia alivunja rekodi za dunia mara nyingi katika miaka ya 1960, akaenda Tokyo 1964 akiwa tishio, akarudi na shaba. Kule Mexico 1968 hewa nyepesi ya mlimani ilimwangusha. Nani ajuaye kama Rono asingeangushwa vilevile? Hakuna. Na Bayi, watasema, alipata Olimpiki mbili: Munich 1972 akiwa bado mchanga, na Moscow. Tena Kenya iliporudi Los Angeles 1984, Rono hakuwepo. Ulevi, ambao yeye mwenyewe aliusimulia katika kitabu cha maisha yake, ulikuwa umeshamla kasi.

Nakubali kila sentensi hapo. Ila Clarke aliingia uwanjani, akapima nguvu zake, akashindwa. Siombi mtu yeyote apewe dhahabu ya kubuni. Naomba mwaka ambao mlango ulifungwa usiandikwe kana kwamba mtu alibisha hodi akakataliwa kwa udhaifu. Kwa Rono kesi haina utata kwangu. Kwa Bayi ni ngumu zaidi, lakini rekodi mbili za dunia, pamoja na mbio ya Christchurch iliyoonyesha kwamba mtu anaweza kushinda mita 1,500 akiwa mbele tangu bunduki, zinanitosha. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich aliyekosa Montreal na Moscow, simwingizi, kwa sababu rekodi ya dunia hakuwa nayo. Na John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mguu ukiwa umefungwa bandeji, heshima yake ni ya aina nyingine na haihitaji hesabu ya medali.

Wanaodai kwamba masharti ni masharti waangalie Cooperstown, New York. Huko ndiko uliko ukumbi wa besiboli wa Marekani, uliofunguliwa 1939, na ambao umezua ubishi kuliko ukumbi wowote wa michezo. Kuingia kwa kura za waandishi kunahitaji asilimia 75, na mchezaji awe amecheza misimu kumi ya ligi kuu. Lakini hadi Aprili 1947, alipoingia Jackie Robinson, ligi kuu haikuwa ikiwaruhusu weusi. Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote katika ligi za weusi, alifariki Januari mwaka huo huo. Hakucheza ligi kuu hata siku moja. Satchel Paige aliruhusiwa 1948 akiwa na miaka 42, na misimu kumi asingeweza kuifikisha. Wenye ukumbi walibanwa kwa miaka. Wazo lao la kwanza lilikuwa kuwatengea weusi mahali pao peke yao humo ndani, wakalaumiwa vikali, wakaliacha. Paige aliingia 1971 kama mwanachama kamili, Gibson 1972, na mwaka 2006 kamati maalumu ikaongeza watu 17 kwa mkupuo. Hakuna aliyesema Cooperstown imeshusha thamani. Ilikuwa imesahihisha kitabu chake.

World Athletics inaweza kufanya hivyo bila kuvunja chochote. Iongeze kifungu kimoja tu: mwanariadha ambaye nchi yake ilisusia Olimpiki akiwa anashikilia rekodi ya dunia, au aliyeivunja kati ya michezo miwili iliyosusiwa, ajadiliwe kwa rekodi zake. Wengine watakuwa Wamarekani na Wajerumani wa Magharibi waliozuiwa 1980, na wao pia wana haki.

Lakini barua ya kuomba kifungu hicho haitajiandika. Shirikisho la Riadha Tanzania na Athletics Kenya ziketi pamoja, ziiandike pamoja, na zitaje majina mawili ya kuanzia: Henry Rono na Filbert Bayi. Nasi waandishi wa michezo tuziulize kila mwaka imefika wapi, hadi jibu lipatikane.