Kuuza Kindu, Kuuza Dar es Salaam: Maneno Pacha ya Kingwana na Kiswahili Sanifu

Mtu wa Dar es Salaam anayefika Kindu, katika jimbo la Maniema mashariki mwa Kongo, hapati taabu na maneno asiyoyajua. Akisikia sombe, atauliza, ataonyeshwa kisamvu, na jambo limekwisha. Taabu iko kwenye maneno anayodhani anayajua. Mteja akisimama mbele ya magunia sokoni na kusema, "Mama, nataka kuuza mupunga," mgeni atageuka kutafuta mzigo wa huyo mteja. Mzigo haupo. Katika Kingwana, yaani Kiswahili cha Maniema, kama katika kile cha Kivu na Kisangani, kuuza ni kununua. Mwenye mali ndiye anayeuzisha.

Wapo wanaoiita hali hii uharibifu wa lugha. Nawapinga, na ushahidi wangu ni kitenzi hichohicho. Kwa asili yake, uza ni umbo la kusababisha. Mzizi wake wa Kibantu ulikuwa na maana ya kununua, na bado u hai katika okugula ya Waganda na kugura ya Wanyarwanda. Kuuza, basi, kulikuwa kumfanya mwingine anunue. Pwani ilipoteza kitenzi cha msingi ikabaki na mnyambuliko wake peke yake, na kununua kukajaza pengo. Bara, masikio hayakuisikia tena ile -za kuwa alama ya kusababisha. Wasemaji wakaipa uza maana ya msingi, kisha wakajenga kuuzisha juu yake, sawasawa na Wanyarwanda wanavyopata kugurisha kutokana na kugura. Huo ni utaratibu kamili.

Tosha nayo ni vivyo hivyo. "Tosha makuta" si kusema kwamba fedha zinatosha. Ni kumwambia mtu atoe fedha. Kama waka huzaa washa, anguka huzaa angusha na amka huzaa amsha, kwa nini toka isizae tosha? Sanifu yenyewe hutumia toa, kitenzi kilichoizaa toka, na neno tosha ikaliachia maana ya kuenea. Mtoto wa Kindu anayeandika "nimetosha kitabu" amefuata kanuni ambayo mwalimu wake anaifundisha kila wiki.

Mengine ni mepesi zaidi: kukamata ni kuchukua tu, bila polisi, kurudia ni kurudi, bibi ni mke, jambo ambalo daktari mgeni anapaswa kulijua kabla ya kuuliza umri wa mgonjwa.

Historia nayo haiwaungi mkono wanaolaumu. Livingstone alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, akawakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kufika. Lugha ya waungwana hao na wafuasi wao ndiyo iliyozaa Kingwana. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kwa ajili ya nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Mwaka uleule John Whitehead na L. F. Whitehead walichapisha mwongozo wao wa Kingwana huko Wayika, Kongo. Mtu hawezi kuasi sheria iliyotungwa zaidi ya nusu karne baada ya yeye kuanza kusema, tena katika kikao asichoalikwa.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, suala hili limevuka mipaka ya darasa. Fikiria hati ya kiwanja iliyoandikwa Kindu: "Fulani ameuza kiwanja." Ikisomwa Arusha, mwenye kiwanja amekwisha kukipoteza, ikisomwa ilikoandikwa, ndiyo kwanza amekipata. Kamusi zetu ziweke maana zote mbili chini ya kidahizo kimoja, kila moja na alama ya mahali inapotumika, na Chuo Kikuu cha Kindu kishirikishwe katika kuzikusanya. Kabla kamusi hizo hazijatoka, waandishi wa hati wataje pande zote mbili kwa majina: nani ametoa fedha, nani amezipokea, na kiwanja sasa ni cha nani.