Ngazi za McMillan: Historia ya waliojisomesha kuung'oa ubaguzi Nairobi

Jirani na Msikiti wa Jamia, kwenye barabara ya Banda katikati ya Nairobi, lipo jengo lenye nguzo ndefu, ngazi pana na simba wawili wa mawe wanaolinda mlango. Hii ndiyo Maktaba ya McMillan. Asubuhi wanafunzi huzipanda ngazi hizo na mikoba mgongoni, wakatafuta nafasi karibu na dirisha na kufungua vitabu. Hakuna anayewauliza ni wa kabila gani wala wa rangi gani.

Maktaba hiyo ilipofunguliwa mwaka 1931, Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mhindi naye hakuruhusiwa. Ilikuwa ya Wazungu peke yao, na ilibaki hivyo kwa zaidi ya robo karne.

Historia ya ubaguzi wa rangi Nairobi husimuliwa kwa ardhi na kwa damu, na ni haki isimuliwe hivyo. Lakini ndani yake imo historia ya kusoma. Ubaguzi wa mji huu uliandikwa kabla ya kujengwa. Uliandikwa katika ripoti, sheria, hati za viwanja na mitaala ya shule. Nao waliouchimbua mizizi walianza kwa kuyasoma yaliyoandikwa juu yao.

Zawadi ya mjane

William Northrup McMillan alikuwa tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani. Alifika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, akajipatia shamba kubwa Juja, na mwaka 1909 akamkaribisha huko Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Nyumba yake ya mjini ilikuwa Chiromo, upande wa Westlands, ambako leo ni bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka 1925 akazikwa kwenye mteremko wa Kilima Mbogo. Mjane wake, Lucie, akaamua kumjengea kumbukumbu ya vitabu, na shirika la Carnegie la Marekani likasaidia kwa fedha. Mwaka 1938 ikatungwa sheria maalumu ya kuilinda maktaba hiyo, na sheria hiyo ingali katika vitabu vya sheria vya Kenya.

Haitoshi kusema mama huyo alitoa zawadi njema. Ilikuwa zawadi njema kwa watu wachache, nayo iliwekwa katikati ya mji uliolishwa, kuoshwa na kubebwa na mikono ya watu ambao hawakuruhusiwa kuugusa hata ukurasa mmoja wa kitabu chake. Dhana kwamba Mzungu ndiye aliyeumbiwa kutawala haikuhitaji kupigiwa kelele kila siku. Ilitosha kumzuia Mwafrika mlangoni mwa maktaba, kisha kusema kwamba hana elimu.

Ukuta wa karatasi

Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki. Ripoti yake ilipendekeza kila rangi itengewe makazi yake, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: tauni na uchafu. Kwa kalamu hiyo ubaguzi ulivikwa joho la daktari. Wazungu walishika magharibi, kwenye miinuko yenye udongo mwekundu usiotuamisha maji: Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Muthaiga upande wa kaskazini. Wahindi walijazana Ngara na Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaonata kila mvua inaponyesha, wakaanzia Pumwani.

Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa Devonshire, uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Waraka huohuo uliwaachia walowezi nyanda za juu. Mjini, masharti yaliyopachikwa katika hati za viwanja yaliendelea kufanya kazi ambayo sheria iliona haya kuifanya waziwazi. Mwanamume Mwafrika naye alitembea na kipande chake, hati ya utambulisho, ndani ya kikopo cha bati shingoni, maandishi juu ya mwili wake ambayo mara nyingi yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma.

Shule mbili za Kabete

Nenda magharibi kwa Waiyaki Way, barabara yenye jina la Waiyaki wa Hinga aliyewapinga Waingereza kule Dagoretti na kufia mikononi mwao mwaka 1892. Utafika Kabete. Hapo historia yetu ya elimu imelala wazi.

Mwaka 1931, mwaka uleule wa maktaba, shule ya Prince of Wales ilihamia majengo yake ya fahari Kabete, kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Leo ni Nairobi School. Kabete hiyohiyo ilikuwapo tangu mwaka 1925 shule ya Jeanes, ya Waafrika, mahali ambapo leo ni Chuo cha Serikali cha Lower Kabete. Jina la Jeanes lilitoka Marekani, kwa Anna Jeanes, mama aliyetoa mali yake kusaidia shule za vijijini za watu weusi wa majimbo ya kusini. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza mfano huo uletwe huku: elimu ya kilimo, usafi, useremala na maisha ya kijijini.

Hakuna ubaya katika useremala wala kilimo. Ubaya ulikuwa katika kuamua kwamba mtoto mmoja afundishwe kuongoza nchi na mwenzake afundishwe kuchimba choo, kisha uamuzi huo uitwe elimu inayomfaa kila mmoja kwa asili yake. Waafrika waliliona hilo mapema. Hawakusubiri mtaala ubadilishwe na aliyeuandika.

Mpanga herufi

Harry Thuku alijifunza kusoma kwa wamishonari wa Kambui. Baadaye alipata kazi katika kiwanda kilichochapisha Leader, gazeti la walowezi. Kijana Mwafrika alisimama mbele ya mashine akiandaa kwa mkono wake maneno ya watu waliokuwa wakijadili kazi yake, kodi yake na ardhi ya wazazi wake, bila yeye kuulizwa.

Mwaka 1921, akiwa karani wa simu serikalini, Thuku aliongoza Chama cha Afrika Mashariki. Manilal Desai, mhariri Mhindi wa East African Chronicle, alimsaidia kwa ofisi na uchapishaji, na malalamiko kuhusu kipande, kodi na kazi ya lazima ya wanawake yakaanza kusomwa mpaka London. Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, na Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume waliosita. Risasi zikafyatuliwa. Serikali ilikiri vifo 21, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Barabara inayopita kati ya hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu leo inaitwa Harry Thuku.

Waliofuata walishika kalamu. Mwaka 1928 Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikuyu. Wazazi walijenga shule zao huru, wakachanga ng'ombe, mbao na siku za kazi. Mbiyu Koinange aliporudi kutoka masomoni Marekani, mwaka 1939 kilianzishwa chuo cha walimu cha Githunguri, cha Waafrika kwa fedha za Waafrika. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, chuo hicho kilifungwa, na mahali pale pakageuzwa pa kunyongea watu. Serikali iliyojiita ya kistaarabu ilikuwa imetangaza, bila maneno, ni kitu gani ilichokiogopa.

Hata katika kambi za kizuizi za miaka hiyo masomo hayakukoma. Nyuma ya seng'enge, wafungwa waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua, wakiandika mavumbini pale karatasi ilipokosekana. Mwandishi Gakaara wa Wanjau aliweka shajara ya kifungo chake, iliyokuja kutunukiwa Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Mlango kufunguka

Milango ya McMillan ilifunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Simeon Ominde ilipendekeza kuvunjwa kwa mfumo wa shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Watoto wa mitaa ya Kangemi na Kawangware waliweza sasa kufikiria Kileleshwa na Kabete kama mahali pa kusomea, si pa kukata majani ya bustani tu.

Lakini mlango kufunguka ni jambo moja, na kilichomo rafuni ni jambo lingine. Oktoba 24, 1968, wasomi watatu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Shakespeare asisomwe. Waliuliza kwa nini Uingereza ikae katikati na Afrika iwe pembeni ya masomo yake yenyewe. Walitaka fasihi simulizi, fasihi ya Kiafrika na ya watu weusi wa ng'ambo ziwe msingi. Mzozo ulikuwa mkali, na hatimaye ikazaliwa idara ya Fasihi.

Faili zilizofichwa

Yako maandishi ambayo hayakuachwa rafuni kabisa. Kabla ya bendera kushushwa, maafisa wa kikoloni walichoma baadhi ya nyaraka na kusafirisha nyingine kimya kimya. Mwaka 2009 wazee waliopitia mateso ya kambi waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Katika kesi hiyo, mwaka 2011, ilikiriwa kwamba maelfu ya faili za makoloni yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, Uingereza. Wanahistoria wakazisoma. Juni 2013 Uingereza ilitamka majuto na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, katika madai ya waathiriwa 5,228. Mnara uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015 umetokana na mapatano hayo. Wazee walikuwa wamesema kweli kwa miaka 50, lakini walisadikiwa pale karatasi ziliposema pamoja nao.

Kwa sababu hiyo kutunza nyaraka si kazi ya kupangusa vumbi. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, alitumia maisha yake kukusanya vitabu na sanaa za Afrika, akahakikisha vinabaki nchini. Sehemu kubwa imo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, barabara ya Moi. Pale McMillan, shirika la Book Bunk lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017 limeshirikiana na kaunti kuyafufua majengo ya maktaba, yakiwemo matawi ya Kaloleni na Makadara, na kuyahifadhi makusanyo kidijitali.

Rafu za McMillan zina magazeti ya zamani na kumbukumbu za vikao vya bunge la kikoloni, ambamo McMillan mwenyewe aliwahi kuketi. Humo yamo maneno ya walowezi kuhusu watu wetu: wafanye kazi gani, walipwe kiasi gani, wasome mpaka wapi. Waliyahifadhi kwa uangalifu wakiamini kwamba wasomaji watakuwa wajukuu wao. Sasa yako mezani kwa yeyote aliyepanda ngazi zile, na mwanafunzi wa Kawangware mwenye saa mbili na penseli anaweza kuyanakili neno kwa neno.