Shauri la Ardhi ya Wameru na Haki ya Kupiga Kura

Katika historia ya Tanganyika yako mambo mawili ambayo waandishi wengi huyasimulia mbalimbali, kana kwamba hayakupata kukutana. La kwanza ni shauri la ardhi ya Wameru, lililofika mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. La pili ni mjadala wa Tabora wa Januari 1958, chama cha TANU kilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Shauri la kwanza huhesabiwa katika habari za ardhi, na la pili katika habari za siasa. Mimi naona kuwa tukiyatenga hivyo hatuyafahamu sawasawa, kwa maana Wameru walikuwa wa mwanzo katika nchi hii kuonja, tena kwa uchungu, jinsi ilivyo kuwa na haki ya ardhi pasipo kuwa na kura ya kuilinda.

Wameru ni wakulima na wafugaji wa mteremko wa Mlima Meru. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa huko, na Wadachi wakalipiza kisasi kikali. Baada ya hapo serikali ya Kidachi ilikata mashamba chini ya mlima ikawapa walowezi, hata makazi ya wenyeji yakazungukwa. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza, mashamba hayo yalitaifishwa kuwa mali ya adui. Lakini mengi yakauzwa tena kwa walowezi wengine. Wakati huo watu na mifugo walikuwa wakiongezeka, na nafasi ya kupanuka ilikuwa haba. Upande wa kaskazini na mashariki mwa mlima ilibaki nchi ya malisho iitwayo Engare Nanyuki, jina ambalo kwa Kimasai maana yake ni maji mekundu.

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ugawaji wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Mapendekezo yake yalikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja alitaka baadhi ya mashamba ya walowezi yarudishwe kwa Waafrika waliobanana mlimani. Kwa upande wa pili alitaka ardhi ya Wazungu na ya Waafrika zitengwe, kila moja iwe fungu moja lisilochanganyika. Na kwa sababu hiyo Wameru wa Engare Nanyuki hawakuwa na budi kuhama, ili ukanda wa Sanya, ulio kati ya Meru na Kilimanjaro, uwe wa walowezi wafugao ng'ombe wa kisasa. Wahamaji walionyeshwa nchi ya Kingori, ambayo wenyewe waliikataa, wakisema kwamba ina ndorobo na homa na kwamba haitoshi.

Msomaji na aangalie vizuri namna hoja hiyo ilivyojengwa. Serikali haikusema kwamba inawanyang'anya watu ardhi. Ilisema kwamba inapanga matumizi bora ya ardhi kwa faida ya nchi nzima. Tena sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imekwisha kutangaza kuwa ardhi ya Tanganyika ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, na mwenyeji akabakiwa na haki ya kuitumia kwa mujibu wa mila. Aliyeweza kuamua manufaa ya umma ni nini alikuwa ndiye huyo huyo Gavana pamoja na Baraza lake la Kutunga Sheria. Baraza hilo liliundwa mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza kuingia humo, Machifu Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945 kwa kuteuliwa. Hata mwaka 1951 hapakuwa na mjumbe hata mmoja, wa rangi yo yote, aliyekalia kiti chake kwa kuchaguliwa na wananchi.

Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwaondoa watu ilianza. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakatolewa katika makao yao. Wengi walikataa fidia, wakijua kwamba mwenye kupokea bei amekubali mauzo. Badala ya kushika silaha walishika kalamu. Walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, mwenyeji wao, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, waende New York.

Safari hiyo iliwezekana kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya ilivyokuwa. Tangu 1946 ilikuwa nchi ya udhamini, na Hati ya Umoja wa Mataifa iliwaruhusu watu wa nchi za namna hiyo kupeleka malalamiko yao. Mkataba wenyewe wa udhamini, katika kifungu chake cha 8, uliilazimisha Uingereza kuheshimu haki za wenyeji na kuzingatia mila zao katika mambo ya ardhi. Kwa hiyo Wameru hawakwenda kuomba hisani. Walikwenda kudai ahadi iliyokwisha kuandikwa.

Baraza la Udhamini liliwasikiliza katikati ya mwaka 1952, likasikitika kwa namna watu walivyohamishwa, lakini halikuamuru warudishiwe ardhi yao. Shauri likapelekwa katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Huko, mwezi wa Desemba, azimio lililowaunga mkono Wameru lilipata kura za kutosha. Lakini lilipofika katika kikao cha Baraza Kuu lenyewe halikufikia thuluthi mbili zilizohitajika, likaanguka.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo ninalotaka kulieleza. Watu waliotoka mbali kutafuta haki waliikuta inahesabiwa kwa mikono iliyonyoshwa, na miongoni mwa mikono hiyo hapakuwa na mmoja wa Tanganyika. Uingereza, iliyokuwa mshitakiwa, ilikuwa na kura. Wameru, waliokuwa wadai, walikuwa na ulimi tu. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hapa ilidhihirika kwamba unyonge wenyewe ni kukosa kuhesabiwa.

Kirilo aliporudi, shauri lililoshindwa lilizaa matunda ambayo huenda ushindi usingaliyazaa. Alieleza kwa watu aliyoyaona na kuyasikia, na habari za Meru zikawa habari za nchi. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, neno la ardhi na neno la uwakilishi yalikwenda pamoja. Na Julius Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955, alikanyaga njia ambayo Wameru walikuwa wameifyeka.

Sasa tuje Tabora. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulipangwa kufanyika kwa mafungu mawili, mwaka 1958 na mapema mwaka 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Na kila mtu alilazimika kuwapigia watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Wengi katika chama waliona ni matusi, wakataka uchaguzi ususwe. Nyerere aliwashawishi waingie, kwa hoja kwamba kususa ni kukiachia viti chama cha United Tanganyika Party. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga.

Wale wanaouona uamuzi huo kuwa ujanja wa siasa tu wanasahau somo la 1952. Malalamiko, hata yakiwa ya haki namna gani, humwacha mwenye kulalamika mlangoni. Kura yenye kasoro humwingiza ndani, na aliye ndani aweza kuitengeneza kasoro. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walioungwa mkono na TANU walishinda, na Jimbo la Kaskazini, lililokuwa na Meru ndani yake, likampeleka barazani Sophia Mustafa, mwanamke wa jamii ya Kihindi aliyeungwa mkono na chama hicho. Katika uchaguzi wa 1960 masharti yalilegezwa, hata mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kuandikishwa. Lugha ya wananchi ikawa ufunguo wa sanduku la kura. TANU kilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikajitawala.

Je, kura ilimaliza jambo la ardhi? Mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kujibu ndiyo upesi. Milki za daima zilizoachwa na wakoloni zilifutwa mwaka 1963, lakini msingi wa sheria ya 1923 haukung'olewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na kwamba Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Neno udhamini, ambalo Wameru walilifuata mpaka New York, limerudi nyumbani. Na hoja ya matumizi bora kwa faida ya taifa ingali yaweza kusemwa na serikali yo yote kwa kijiji cho chote, hasa kwa wafugaji na watu wachache ambao hata wakipiga kura wote hawatoshi kuliangusha azimio.

Tofauti iliyopo, nayo si ndogo, ni kwamba mdhamini wa 1951 hakuwa na wa kumwuliza hesabu ila mabaraza ya mbali, na mdhamini wa leo huwekwa na wale wale anaowashikia mali. Lakini kuweka bila kuuliza hesabu ni nusu ya kazi. Wameru walikuwa na hesabu yao mkononi, kifungu kwa kifungu, na hawakuwa na kura. Sisi tunayo kura. Haitupasi kuipoteza ile hesabu.