SHULE HUJENGWA NA WOTE: FUNZO LA VIBANDA VIWILI VYA STAREHE



Ukitaja moto wa shule mbele ya mzazi wa Pwani, mara nyingi jina litakalomjia kwanza ni Bombolulu. Ilikuwa Machi 1998 pale bweni la shule ya upili ya wasichana ya Bombolulu, Kwale, liliposhika moto usiku. Madirisha yalikuwa na vyuma, mlango umefungwa. Wasichana 26 hawakutoka. Wako wazazi ambao mpaka leo mwezi wa Machi ukiingia hawana raha.

Mwaka uliofuata, 1999, ikawa zamu ya Nyeri High. Hapo wanafunzi waliwamwagia petroli maprifekti wakiwa wamelala kwenye vyumba vyao, wakawasha moto. Wanne walifariki. Kisha Machi 2001 likatokea lile la Kyanguli, Machakos, ambapo wavulana 67 waliteketea ndani ya bweni lililowashwa makusudi. Walioshtakiwa hawakuwa majambazi kutoka nje. Walikuwa wanafunzi wenzao.

Hebu tujiulize, vijana wenzangu na wazazi wetu: mtoto anafikaje mahali pa kuchoma nyumba anayolala yeye mwenyewe? Mbona hachomi nyumba ya mamake?

Jawabu tunalolisikia barazani na kwenye matatu ni kwamba watoto wameharibika kwa sababu fimbo imeondolewa. Lakini tarehe zinakataa. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Bombolulu na Nyeri zilitokea fimbo ikiwa bado halali na inachapa sawasawa. Kwa hivyo lipo jambo jingine, na ili tulifahamu itatubidi turudi nyuma kidogo, tukaitazame shule moja ya Nairobi iliyoanza bila chochote, ikakaa miaka mingi ikisifika kwa utulivu wakati nyingine zikigoma.

WATU WATATU WALIOTOKA PANDE MBILI ZA VITA

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Aprili 1954 jeshi likaizingira Nairobi katika msako mkubwa, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wakabebwa kwa malori kupelekwa vizuizini. Sasa fikiria: baba amechukuliwa, mama amehamishwa au hajulikani aliko, mtoto amebaki. Mitaa ya Nairobi ikajaa watoto wasio na mtu. Wengine nao walikamatwa wakafungwa pamoja na watu wazima.

Mwaka 1955 vijana wa kiume waliokuwa vizuizini walianza kutengwa na wakubwa, wakapelekwa kambi ya Wamumu, huko Mwea. Ilikuwa kambi ya kifungo bado, tusiipambe. Lakini humo vijana walisoma na kufunzwa kazi za mikono. Mmoja wa wasimamizi wao alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933, ambaye alikuwa amehudumu katika jeshi la King's African Rifles wakati wa vita hivyo hivyo, kisha akaliacha. Wamumu ndiko alikofahamiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Huyu Gikubu alikuwa amefungwa kwa ajili ya Mau Mau.

Tusipite hapa kwa haraka. Aliyekuwa askari wa serikali na aliyekuwa mfungwa wa serikali hiyo hiyo. Kwa desturi ya dunia, hawa ni watu wa kuchukiana mpaka kaburini. Lakini Novemba 1959, wao watatu, Griffin, Geturo na Gikubu, walianzisha kituo cha watoto maskini katika mtaa wa Starehe, Nairobi. Mali yao ya kuanzia ilikuwa vibanda viwili vya mabati.

Watu wengi wakiitaja Starehe humtaja Griffin peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkurugenzi mpaka alipofariki Juni 2005. Lakini wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Starehe ililelewa na mikono mitatu tangu siku ya kwanza, na Geturo na Gikubu walikaa katika kazi hiyo maisha yao. Kabla ya kuwafundisha wavulana kushirikiana, wao wenyewe walikuwa wameshaonyesha kwamba inawezekana.

KAZI YA NANI? KAZI YETU

Kutoka vibanda vile viwili kituo kilikua kikawa shule kamili, yenye masomo ya sekondari na baadaye chuo cha ufundi, na wanafunzi zaidi ya 1,000. Wito wake ni maneno mawili tu: Natulenge Juu. Angalia, ndugu msomaji, halikusemwa "lenga juu", kama mwalimu anayemwamuru mtoto. Limesemwa "natulenge", sote, mwalimu ndani yake.

Wengi wa wavulana walisomeshwa bure, kwa michango ya wafadhili wa ndani na nje. Wale ambao wazazi wao walijiweza walilipa kadiri ya uwezo wao. Lakini ndani ya geti wote walivaa sare moja, walikula chakula kimoja na walishika fagio moja. Mtoto wa tajiri hakuwa na bweni lake wala mtoto wa masikini hakuwa na foleni yake.

Kulikuwa na mambo matatu yaliyoifanya jumuiya ile isimame, na yote matatu ni ya kawaida kabisa, hayahitaji pesa.

La kwanza ni baraza. Sisi watu wa Pwani neno hili halitupigi chenga. Baraza ni pale mbele ya nyumba, mahali pa kukaa, ambapo anayepita husalimu, akaketi, akasikiliza na akasikilizwa. Starehe walikuwa na baraza lao la shule nzima. Mwanafunzi alisimama mbele ya wenzake na mbele ya mkurugenzi, akasema linalomkera, iwe ni chakula, iwe ni adhabu aliyoiona si ya haki, na hakuadhibiwa kwa kusema. Uongozi ulijibu pale pale, mbele ya wote. Likiwa la kurekebishwa litarekebishwa, likiwa haliwezekani ataambiwa kwa nini haliwezekani. Si kila aliyesema alipata alichotaka. Lakini kila aliyesema alijibiwa.

Sasa linganisha na shule ambayo malalamiko yanakwenda kwa kunong'onezana bwenini baada ya taa kuzimwa. Neno likikosa mahali pa kutokea mchana, hutafuta njia usiku.

La pili ni viranja, au maprifekti kama tulivyozoea. Kule walipewa kazi kubwa kweli ya kuendesha siku ya shule: usafi, chakula, mabweni, utaratibu. Hata hivyo kiranja alijua kuwa linaloharibika chini yake litafika barazani, na anayeongozwa ana haki ya kuuliza. Nyeri mwaka 1999 tuliona upande mwingine wa shilingi. Haikubaliki kamwe kumwaga damu ya mtu, wala hakuna lalamiko linaloweza kuhalalisha ule unyama. Lakini kama tunataka kujifunza ni lazima tukiri kwamba kiranja akifanywa polisi wa utawala, akapewa marupurupu na chumba chake, na wale anaowaongoza hawana pa kumshtaki, tunamweka yeye na wao katika hatari. Mtoto wa watu anakuwa ukuta baina ya walimu na hasira.

La tatu ni huduma ya kujitolea. Wavulana wa Starehe walikwenda wakati wa likizo kufanya kazi bila malipo katika hospitali, ofisi za umma na shule nyingine. Hili lilikuwa na hekima yake. Mtoto aliyelelewa kwa msaada ni rahisi kuzoea kupokea tu, mkono chini kila siku. Wao walifunzwa kwamba hata asiye na kitu ana cha kutoa, yaani nguvu zake na saa zake. Anayezoea kuwahudumia wagonjwa asiowajua haoni shida kumsaidia mwenzake wa darasani hesabu.

Ukiyaweka pamoja utaona siri iko wapi. Maadili ya shule ile hayakuanza kwa kuandikwa ukutani kisha watoto wakaambiwa wayakariri. Yalianza na kazi. Walipofagia pamoja walijua usawa. Walipojibiwa barazani walijua haki. Walipojitolea walijua huruma. Na kijana aliyeijenga shule kwa mkono wake na kwa ulimi wake, umwambie aichome? Atakuuliza, "Nichome yangu?"

TUSIJIDANGANYE

Pengine mzazi atasema: hayo ni maneno matamu, lakini ukimpa mtoto nafasi ya kusema atakupanda kichwani. La. Griffin hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa na nidhamu ya kijeshi, kengele ikilia imelia, na aliyevunja sheria za msingi alirudi kwao. Mwaka 1964, serikali mpya ya Kenya ilipoanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, ndiye aliyepewa kuiongoza, na hawakumpa kwa kuwa ni mpole. Mwaka 1994 alitoa kitabu, School Mastery, juu ya namna ya kuendesha shule za bweni humu nchini. Kusikiliza hakukumpunguzia heshima hata kidogo. Kulimwongezea.

Wala tusiifanye Starehe kuwa pepo. Ni shule ya binadamu, na katika miaka ya baadaye nayo imeguswa na misukosuko kama nyingine. Hilo lenyewe ni funzo: ushirikiano hauwekwi mara moja ukabaki, kama jiwe la msingi. Ni kama mashua ya mbao. Usipoikalafati kila mwaka, maji yataingia hata kama fundi aliyeiunda alikuwa bingwa.

NCHI NAYO IKAJIFUNZA, POLEPOLE

Baada ya Kyanguli serikali iliunda kikosi cha kuchunguza nidhamu na vurugu shuleni mwaka huo huo wa 2001. Mwaka 2008 wimbi jingine la migomo likazuka. Mwaka 2009 likaanzishwa baraza la wanafunzi wa shule za sekondari la nchi nzima, na polepole shule zikaanza kuwaachia wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura badala ya kuteuliwa na walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaenda mbele zaidi, ikaweka mwakilishi wa baraza la wanafunzi katika bodi ya usimamizi ya shule.

Je, moto umekwisha? Haukwisha. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa. Septemba 2017 wasichana 10 walifariki katika bweni la Moi Girls, Nairobi. Kwa hivyo sheria ni nzuri lakini sheria ni karatasi. Katika shule ngapi uchaguzi wa wanafunzi unafanywa kwa sherehe, halafu yule rais wa wanafunzi haulizwi neno mpaka muhula uishe? Kura bila baraza ni jungu tupu mekoni, moshi mwingi na chakula hakuna.

TUFANYE NINI SISI?

Kwako kijana uliye shuleni: baraza linahitaji ulimi wenye adabu. Ukiwa na lalamiko, liseme mchana, liseme kwa jina lako, na uwe tayari kusikia jawabu usilolipenda. Ukisikia wenzako wanapanga shari usiku, kunyamaza kwako si uaminifu kwa rafiki. Katika bweni la Kyanguli walikufa wasiojua lolote. Mwokoe mwenzako na umwokoe anayetaka kuwasha kiberiti, kwa maana naye ataungua maisha yake yote.

Kwako mwalimu: jaribu kuwaketisha watoto mara moja kwa juma, uwaulize, kisha unyamaze usikilize. Mara ya kwanza hawatasema, watakuogopa. Mara ya pili watasema mambo ya maharage. Mara ya tatu watakuambia la kweli.

Na kwako mzazi: usiipeleke karo kisha ukajiona umemaliza. Nenda mkutanoni. Uliza mlango wa bweni unafungwa vipi, madirisha yana vyuma au hayana, na mtoto akiwa na neno analipeleka kwa nani. Mzazi wa Bombolulu angetoa kila alicho nacho apate nafasi ya kuuliza maswali hayo mapema.

Wale watatu walianza na mabati mawili, na baina yao kulikuwa na vita nzima ya kusameheana. Sisi tuna majengo ya ghorofa, maabara na mabasi yaliyoandikwa jina la shule ubavuni. Kilichobaki ni kuketi chini pamoja.

Wabillahi tawfiq.